Mteja haamini uvumi, lakini fedha zake anazitoa

Swali: Mimi ni ofisa wa usimamizi wa vihatarishi katika kampuni ya ukubwa wa kati. Katika kikao kilichopita nilipendekeza tuingize upotoshaji wa taarifa kwenye rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya hatari zinazoweza kuikumba kampuni. Mjumbe mmoja wa bodi alinikatiza akisema hayo ni mambo ya wanasiasa na wahariri, na kwamba wateja wetu ni watu wenye akili zao, hawaamini kila wanachotumiwa kwenye simu. Wengine wakacheka, tukaendelea na ajenda. Je, mzee yule ana hoja? Na kama hana, nirudi kikaoni na nini mkononi?

Jibu: Ana nusu ya hoja, na nusu hiyo mwachie. Ni kweli kwamba watu wengi hawaamini kila kinachopita kwenye simu zao. Alipoteleza ni pale anapodhani kwamba uongo haudhuru mpaka uaminiwe. Katika kazi hii ya kushauri kampuni, sijaona jambo gumu kuwaelewesha wakurugenzi kuliko hilo, kwa hiyo nitalikalia kidogo kabla ya kufika kwenye la kufanya.

Tuanze na benki, maana huko mambo huonekana peupe. Juni 2014 nchini Bulgaria, barua pepe na ujumbe mfupi wa simu vilisambazwa vikidai kwamba benki ziko taabani na watu wawahi fedha zao. Wiki moja kabla, benki nyingine kubwa, Corporate Commercial Bank, ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi wa benki kuu baada ya wateja wake kuikimbia, kwa hiyo hofu ilikuwa tayari imetanda. Tarehe 27 Juni wateja wa First Investment Bank walitoa takriban leva milioni 800 (leva ilikuwa sarafu ya Bulgaria) kwa saa chache. Benki ikafunga matawi yake mapema. Siku tatu baadaye Tume ya Ulaya iliidhinisha mpango wa serikali wa leva bilioni 3.3 wa kuzipa benki ukwasi, yaani fedha za kuwalipa wanaodai chao.

Sasa mfikirie mteja mmoja katika foleni ile. Hakulazimika kuuamini ule ujumbe. Ilitosha kuhisi kwamba jirani yake huenda akauamini. Mtu mwenye akili timamu anajua kwamba hakuna benki inayofungia amana zote kabatini, na anajua kwamba wakija wote kwa pamoja wa mwisho atakosa. Basi anachukua chake leo. Mambo yakitulia atakirudisha. Akili hiyohiyo anayoisifu mjumbe wako ndiyo iliyompeleka kwenye foleni. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa benki, methali hiyo ni maelezo ya kiufundi kabisa: inaweza kuanguka kwa sababu tu imesemwa kwamba inaanguka.

Mei 2019 ikawa zamu ya Metro Bank ya Uingereza. Ujumbe wa WhatsApp ulizunguka katika vitongoji vya magharibi ya London ukidai benki hiyo iko mbioni kufungwa, na wenye masanduku ya kuhifadhia vito na nyaraka wakachukue mali zao. Foleni zikapangwa, picha za foleni zikarushwa mitandaoni, na picha hizo zikawa ndizo ushahidi wa uvumi wenyewe. Benki ilikanusha, lakini hisa zake zilishuka. Hapa kuna jambo la kulitazama vizuri: Januari mwaka huohuo benki hiyo ilikuwa imekiri kwamba ilikosea kukokotoa uzito wa hatari wa sehemu ya mikopo yake, hesabu inayoamua benki iwe na mtaji kiasi gani, na bei ya hisa ilikuwa imeporomoka vibaya. Uvumi wa Mei ulikuta ufa uliokwishafunguka.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo litakalokusaidia kuandika rejista yako. Usijiulize tu ni uongo gani unaweza kuzuliwa juu yenu, maana orodha hiyo haina mwisho. Jiulize ni wapi watu tayari wana shaka nanyi, na ni nani akiwa na shaka hulazimika kuchukua hatua haraka bila kuuliza: mwenye amana, mkopeshaji, msambazaji anayewauzia kwa mkopo, mwajiriwa mwenye ofa ya kazi kwingine.

Kwenye soko la hisa mara nyingi hakuna hata mtu wa kuamini. Tarehe 23 Aprili 2013 wadukuzi waliiteka akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press na kuandika kwamba milipuko miwili imetokea Ikulu ya Marekani na Rais Barack Obama amejeruhiwa. Ndani ya dakika chache kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilishuka kwa zaidi ya pointi 140, na thamani ya kampuni za S&P 500, kipimo cha kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ilipungua kwa makadirio ya dola bilioni 136. Kisha kanusho likatoka na bei zikapanda tena. Sehemu kubwa ya mauzo hayo ilifanywa na programu za kompyuta zinazosoma vichwa vya habari na kuuza kabla ya binadamu yeyote kumaliza sentensi. Soko kwa jumla lilirudi mahali pake. Aliyeuza chini na kununua juu ndani ya dakika hizo hakurudishiwa chake.

Novemba 2016 kampuni ya ujenzi ya Vinci ya Ufaransa ilipatwa na shambulio safi zaidi. Taarifa ghushi kwa vyombo vya habari, iliyobeba nembo ya kampuni na kuelekeza kwenye tovuti iliyoigwa, ilidai kwamba mkurugenzi wa fedha amefukuzwa na hesabu zitarekebishwa kwa sababu ya makosa ya mabilioni ya yuro. Shirika la habari la Bloomberg likaichapa kwa haraka, na hisa za Vinci zikaanguka kwa takriban asilimia 18 kabla ya kurudi juu. Mwaka 2019 mamlaka inayosimamia masoko ya fedha ya Ufaransa iliitoza Bloomberg faini ya yuro milioni 5 kwa kuchapisha bila kuthibitisha, faini ambayo baadaye ilipunguzwa kwenye rufaa. Kwa hiyo si kweli kwamba hili ni suala la wahariri peke yao, ingawa nao linawauma.

Ukiulizwa nani anahangaika kutunga mambo haya, jibu la kwanza ni mtu mwenye maslahi ya fedha. Agosti 2000, kijana wa miaka 23 aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya kusambaza taarifa kwa vyombo vya habari alitunga taarifa kwamba mkuu wa Emulex, kampuni ya vifaa vya kompyuta ya California, amejiuzulu na faida itahesabiwa upya. Alikuwa ameweka dau kwamba hisa zitashuka, akawa anapata hasara, akaamua kuzishusha mwenyewe. Hisa zilipoteza zaidi ya asilimia 60 kwa muda mfupi. Dola bilioni 2.2 za thamani zikayeyuka asubuhi ile kabla ya biashara kusimamishwa. Huyo hakuwa na chuki yoyote na Emulex. Alikuwa na deni.

Wengine ni washindani. Kwa miaka mingi kampuni ya Marekani ya sabuni na bidhaa za nyumbani ya Procter & Gamble iliandamwa na uzushi, ambao hata wasambazaji wa mshindani wake waliurudia, kwamba nembo yake ya zamani, uso wa mwezi na nyota 13, ni alama ya kuabudu shetani. Mwaka 1985 ikaanza kuiondoa nembo hiyo kwenye bidhaa zake. Wapo pia wanaotafuta bofyo tu: mwaka 2016, katika mji wa Veles huko Makedonia Kaskazini, vijana walijaza intaneti habari za uongo kuhusu uchaguzi wa Marekani kwa sababu matangazo yaliyowekwa kando ya habari hizo yaliwalipa. Mgombea gani atashinda, wengi wao hawakujali. Zipo serikali zenye idara nzima za kazi hii. Na wapo wanaotania.

Utani usiudharau. Novemba 2022, Twitter ilipoanza kuuza alama ya uthibitisho kwa dola 8, mtu alifungua akaunti yenye jina na nembo ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kuandika kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni ililazimika kujitokeza na kuomba radhi kwa waliopotoshwa, na siku iliyofuata hisa zake zilishuka, ingawa wachambuzi walibishana kama utani ule ndio uliozishusha, kwani kampuni nyingine za dawa nazo zilishuka siku hiyo. Mimi kilichonivutia ni kwamba kanusho lenyewe lilikuwa mtego. Kusema “insulini yetu si bure” kuliwakumbusha watu bei ya insulini, na mjadala ukahama kutoka kwa mtu aliyeghushi akaunti kwenda kwa kampuni iliyoghushiwa. Hakukuwa na sentensi nzuri ya kuandika siku ile.

Kuna mlango mwingine ambao bodi huusahau kwa kuwa hautokei mitandaoni. Mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alipata barua pepe ya kumtaka afanye malipo ya siri. Aliitilia shaka. Kisha akaalikwa kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wa fedha pamoja na wenzake wengine anaowafahamu, shaka ikaisha. Alihamisha dola za Hong Kong zipatazo milioni 200, kama dola za Marekani milioni 25, kwa mafungu 15. Waliokuwa kwenye mkutano ule, isipokuwa yeye, walikuwa sura na sauti zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Usimcheke. Alifanya hasa tunachowafundisha watu, yaani kutaka kumwona mhusika kwa macho, na macho ndiyo yaliyodanganywa. Ulinzi wa aina hii ya wizi hautoki kwenye semina ya kutambua video ghushi, maana teknolojia itaipita semina hiyo kabla ya vyeti kugawiwa. Unatoka kwenye utaratibu: malipo ya kiasi fulani hayaendi mpaka mtu apigiwe kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu awali, na asiwepo yeyote, hata mwenyekiti, mwenye mamlaka ya kuruka hatua hiyo kwa sababu ya haraka.

Sasa jamii. Mjumbe wako anaweza kusema jamii si kazi ya kampuni. Mpe habari za Kano.

Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria yalisitisha chanjo ya polio kufuatia madai kwamba imetiwa vitu vya kuwafanya wasichana wawe tasa. Kano ilikaa hivyo kwa karibu mwaka mzima, na virusi kutoka eneo hilo vikasafiri hadi nchi ambazo zilikuwa zimeshaondokana na polio. Dai lile lilikuwa uongo. Lakini miaka 7 kabla, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Pfizer ya Marekani ilikuwa imefanya majaribio ya dawa yake ya Trovan kwa watoto 200 hapohapo Kano. Watoto 11 walifariki, na ugomvi mkubwa ukazuka kuhusu iwapo wazazi waliridhia wakielewa. Kampuni ilikana kufanya kosa, ikasema ugonjwa ndio uliowaua, na mwaka 2009 ilifikia maafikiano ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo. Mzazi wa Kano aliyeambiwa mwaka 2003 asiiamini sindano wala matone ya wageni alikuwa na kumbukumbu ya kuegemea. Biashara ilichangia kuvunja imani, jamii ikalipa kwa watoto waliopooza, na gharama ikawarudia hata watengenezaji wengine wa chanjo wasiohusika kabisa na Trovan.

Mkondo huohuo hupita kinyume pia, kutoka jamii kwenda kwenye biashara. Mwaka 2020 nchini Uingereza minara mingi ya simu ilichomwa moto na watu walioshawishika kwamba mawimbi ya 5G yanaeneza korona, na mafundi wakatukanwa na kutishwa barabarani wakiwa kazini. Kampuni za simu hazikuwa zimefanya lolote la kuchokoza. Nchini Iran mwaka huo mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe ya methanoli, wengi wao baada ya kusikia kwamba pombe inakinga virusi.

Hasara ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote haina picha ya moto wala ya foleni. Watu wakishadanganywa mara nyingi hawageuki kuwa wajinga. Hugeuka kuwa wagumu. Wanakataa kila kitu, hata cha kweli. Wanasheria wawili wa Marekani, Bobby Chesney na Danielle Citron, waliwahi kueleza kwamba kadiri video ghushi zinavyozidi kujulikana, ndivyo mwenye hatia anavyopata mwanya wa kusema video halisi iliyomnasa nayo ni ghushi. Biashara inategemea mambo ya kawaida sana: hati ya mkaguzi, onyo la kurudisha bidhaa mbovu, matokeo ya maabara, takwimu za serikali. Siku ambayo mtu anaona vyote hivyo ni propaganda ya fulani, tangazo lenu la kuwaambia wateja waache kutumia bidhaa yenye hitilafu halitasomwa. Jukwaa la Uchumi Duniani, katika ripoti zake za vihatarishi vya dunia za 2024 na 2025, liliweka taarifa potofu na upotoshaji juu kabisa kwa kipindi cha miaka miwili ijayo. Mimi si shabiki wa orodha za namna hiyo, zinapima hofu ya wanaoulizwa zaidi ya hatari yenyewe, lakini bodi huzisoma, kwa hiyo zitumie.

La kufanya, basi. Anza na kitu ambacho kampuni inaweza kukizima kesho: fedha zenu za matangazo. Matangazo mengi ya mtandaoni huwekwa na mashine zinazofuata macho ya watu, na mashine hizo hazijali kama ukurasa una habari au uzushi. Mtake wakala wenu awape orodha ya tovuti ambako matangazo yalitokea mwezi uliopita. Ukikuta miongoni mwake tovuti za uongo, ambalo si jambo la ajabu, utakuwa na hoja ya bodi isiyohitaji mfano kutoka Bulgaria.

Kisha saa ya kwanza. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa habari kama 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017: habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya, na za kweli zilichukua muda wa takriban mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Waliofanya tofauti hiyo hawakuwa roboti, walikuwa watu, kwa sababu uongo mara nyingi ni mpya na unashangaza. Kampuni ambayo kanusho lake lazima lipite kwa meneja wa masoko, mwanasheria, mkurugenzi mkuu aliye safarini, kisha mwenyekiti, imeshashindwa kabla haijaanza. Mteueni mtu mmoja, na msaidizi wake, mwenye ruhusa ya maandishi ya kutoa taarifa ya kwanza bila kumsubiri mtu. Taarifa hiyo iwe fupi: kipi ni kweli, kipi mnakichunguza, saa ngapi mtarudi kusema tena. Wajulisheni wafanyakazi kabla au sambamba na umma, kwani wao ndio watakaoulizwa na ndugu na majirani usiku huo.

Si kila uvumi unastahili kujibiwa. Dai lililo kwenye kundi la watu 40, mkilitolea taarifa rasmi, mnalipeleka kwa watu 40,000. Kipimo changu ni kimoja: je, limeanza kubadili mwenendo wa mtu yeyote? Simu za huduma kwa wateja zimeongezeka? Msambazaji ameuliza? Mwandishi amepiga? Kama bado, kaeni macho na andaeni jibu. Na mkijibu, anzeni na ukweli na muishie na ukweli. Uongo utajwe mara moja tu katikati, au usitajwe. Tangu majaribio ya 1977 inajulikana kwamba sentensi iliyorudiwa huanza kuonekana ya kweli, na tafiti za baadaye zimeliona hilo hata kwa anayeijua kuwa si kweli. Kichwa cha habari kisemacho “Kampuni yakanusha kufilisika” kinaacha neno moja kichwani mwa msomaji, na neno hilo si “yakanusha”.

Kazi yenye faida zaidi hufanyika kabla. Mwanasaikolojia William McGuire alionyesha miaka ya 1960 kwamba mtu aliyeonjeshwa hoja dhaifu ya upotoshaji na jinsi ya kuijibu huwa mgumu kushawishiwa baadaye. Kama mnajua kwamba kila mnapopandisha bei huzuka dai lilelile, liwahini. Waelezeni wateja mapema namna ambavyo ninyi hamuwasiliani nao kamwe: hatuombi namba ya siri, hatutangazi zawadi kwa ujumbe wa kusambaza, taarifa zetu za fedha ziko mahali hapa tu.

Nina onyo moja, nalo ni kwa ajili yenu ninyi, si kwa wapotoshaji. Mkishakuwa na kipengele kinachoitwa upotoshaji kwenye rejista, kitakuja kishawishi cha kumtupia humo kila mkosoaji. Mfanyakazi aliyefichua uchafuzi, mteja aliyelalamika kwa hasira, mwandishi aliyekosea jina la bidhaa lakini akapatia kiini: hao si wapotoshaji. Kampuni inayoita ukweli uongo mara moja hutumia akiba yote ya imani ambayo ingeihitaji siku ya uongo halisi. Ningependa mwenye kuidhinisha neno hilo litumike hadharani awe mtu asiye wa idara iliyolaumiwa.

Kwenye rejista usiandike “upotoshaji” kama mstari mmoja, maana hakuna atakayejua afanye nini nao. Ugawe kwa madhara: kukimbiwa na wakopeshaji au wateja, wizi kwa kuigiza viongozi, usalama wa wafanyakazi walio nje, kuanguka kwa hisa kama mmeorodheshwa sokoni. Kila mstari uwe na mwenyewe na dalili moja inayoweza kuhesabika. Mara moja kwa mwaka fanyeni zoezi, bila kutangaza siku, na mpime muda kutoka uvumi kuingia hadi taarifa ya kwanza kutoka.

Kuhusu mahakama, kwa sababu mwanasheria wenu atauliza: inawezekana, lakini ni polepole. Procter & Gamble waliwashtaki wasambazaji wa zamani wa Amway, kampuni shindani ya bidhaa za nyumbani, kwa kuurudia ule uzushi wa shetani mwaka 1995, na hukumu ya dola milioni 19.25 ikaja mwaka 2007. Mkitaka mlango huo ubaki wazi, ushahidi ukusanywe siku ileile: picha ya skrini yenye tarehe na saa, anwani kamili ya ukurasa, jina la akaunti, na nakala ya ujumbe kama ulivyopokelewa na mtu wa kwanza kuwaletea. Machapisho ya namna hii hufutwa haraka na walioyaandika, mara nyingi kabla hata idara ya sheria haijapata nakala.